Fahamu: Mbu na safari ya Mikumi kupitia Dumila

Je, unapitia Dumila na Kilosa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi? Jihadhari na mbu, hasa masika, Machi hadi Mei, na wiki zinazofuata, maji yanapotuama.

Nani huuma lini? Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku. Aedesi, anayeeneza homa ya dengue, huuma mchana.

Ufanye nini? Chandarua pekee hakitoshi. Vaa nguo za mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu, na kabla ya safari muulize daktari kuhusu vidonge vya kinga.

Ukipata homa? Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa. Hata kama umesharudi nyumbani, nenda kapime siku hiyohiyo na umweleze mhudumu ulikotembelea.