Sangara wa Sentimita 90: Nani Amrudishe Ziwani?

Juni 2018 maofisa wa uvuvi waliingia katika mgahawa wa Bunge jijini Dodoma wakiwa na rula. Wakapima samaki waliokwisha kupikwa, wakakuta baadhi yao hawajafikia urefu unaoruhusiwa, na mgahawa ukatozwa faini ya shilingi 300,000. Wabunge walikuja juu, na wananchi wakauliza kama samaki aliyetoka jikoni bado ana urefu ule ule aliotoka nao majini. Lilikuwa swali la haki. Ila katika mjadala wote huo rula ilizungumzwa kwa habari za mvuvi wa mtumbwi, mchuuzi, mama lishe na kiwanda cha minofu. Anayevua kwa burudani hakutajwa, ingawa samaki anayemsaka ndiye yule ambaye kanuni ya vipimo inapata naye taabu kubwa zaidi: sangara mkubwa.

Uvuvi wa burudani si mgeni katika Ziwa Victoria. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, huwapokea watalii wanaokwenda kukokota chambo bandia nyuma ya boti. Upande wa Kenya, hoteli za visiwa vya Rusinga na Mfangano zilijijengea jina kwa wageni walioletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, wakavua mbuta, kama sangara anavyoitwa huko, kisha wakarudi kuangalia simba. Uganda wanao mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na Misri wanalo Ziwa Nasser. Huko Nasser ndiko alikotoka sangara anayeshikilia rekodi ya dunia ya shirika la IGFA, aliyenaswa Desemba 2000 akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 104.

Uhusiano wa sangara na michezo ni wa zamani kuliko hoteli hizo. Hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo miaka ya 1950, kwanza kimya kimya upande wa Uganda, kisha waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maofisa wa kikoloni waliomtaka walikuwa na sababu zao. Angekula furu, vijisamaki walioonekana hawana thamani sokoni, na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzwa. Sababu nyingine ilikuwa kwamba sangara ni samaki wa kupigana naye kwenye ndoano. Mtaalamu Geoffrey Fryer alichapisha pingamizi lake mwaka 1960, akionya kwamba mla samaki mkubwa kiasi hicho hana mahali katika ziwa lile. Hakusikilizwa.

Kanuni inayobishaniwa leo ilitokana na makubaliano ya Tanzania, Kenya na Uganda chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja. Sangara aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, na aliyezidi sentimita 85 aachwe. Anayeruhusiwa ni wa katikati, mwenye uzito wa kuanzia kilo moja na nusu hivi hadi kama kilo saba. Kwa sato mpaka ni mmoja tu, sentimita 25.

Mpaka wa chini hauna wabishi wengi. Hata mvuvi anayeuvunja anajua kwamba sangara mchanga hajazaa. Mpaka wa juu ndio unaogombanisha watu, na umewahi kulegezwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anatumia mafuta usiku kucha, analipa vibarua, kisha anaambiwa samaki mwenye fedha nyingi kuliko wote ndiye asiyepaswa kumgusa?

Sababu ya mpaka huo ipo tumboni mwa jike. Dume wa sangara hupevuka akiwa na sentimita 50 na ushee, lakini jike huchelewa, na wale wakubwa kabisa karibu wote ni majike. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Diego Barneche kuhusu mamia ya aina za samaki wa baharini. Uligundua kwamba mayai huongezeka kwa kasi kuliko uzito wa mama. Mfano wao ulikuwa chewa wa Atlantiki: jike mmoja wa kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili wakijumlishwa, ingawa hao 28 kwa pamoja wana uzito wa kilo 56. Sangara si chewa, wala Ziwa Victoria si bahari, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba jike wa sangara wa kilo 40 ana faida ndogo kwa kizazi chake. Tena, kwa kuwa jike huchelewa kupevuka, miongoni mwa wale wa kati wanaoruhusiwa wamo wengi ambao hawajataga hata mara moja. Ukimwondoa na mama yao, umebaki na nini?

Hata hivyo, mvuvi wa Ukerewe ana hoja ambayo wataalamu wengi huipita haraka mno. Nyavu hazina macho. Sangara wa sentimita 90 akinasa usiku, alfajiri anavutwa akiwa amekufa. Kumtupa majini hakumfufui. Kunamnyima mtu chakula na kumpa kenge karamu. Kwa mvuvi huyo mpaka wa juu ni adhabu kwa jambo asiloweza kulizuia, na njia ya haki ya kumdhibiti ni ukubwa wa matundu, idadi ya makila, na kupiga vita makokoro na nyavu za timba.

Mwenye ndoano moja yuko katika hali tofauti kabisa. Samaki wake anafika pembeni mwa boti akiwa hai, naye ana uwezo wa kuamua. Hamtegemei samaki huyo kulipa ada ya shule. Kwa hiyo mpaka wa juu, unaomwonea mwenye nyavu, unamfaa mvuvi wa burudani barabara. Ikiwa kuna mtu mmoja ziwani anayeweza kutakiwa bila kumdhulumu kwamba kila sangara aliyezidi sentimita 85 arudi majini, ni yeye. Kumruhusu aning'inize jike wa kilo 60 kwenye mti wa kupimia ili apigwe picha, huku mvuvi wa mwaloni akikamatwa kwa samaki wa ukubwa huo huo, ni kuvunja heshima ya kanuni yenyewe.

Kumrudisha si kumtupa tu, lakini. Sangara ana kifuko cha hewa, bondo, na hana njia ya kuitoa hewa hiyo haraka kupitia mdomoni. Akivutwa kutoka kina cha mita 30, bondo huvimba, likasukuma matumbo, naye akaelea akiwa amegeuza tumbo juu. Isitoshe, ni samaki asiyevumilia uhaba wa oksijeni, na maji ya Ziwa Victoria ni ya vuguvugu mwaka mzima. Kupambana naye muda mrefu kwa mshipi mwembamba, kumwinua kwa taya akining'inia, kisha kumweka juani kwa ajili ya picha kumi, hayo yote ni kumuua polepole na kujidanganya kwamba ameachiliwa. Anayetaka kumrudisha kweli avue maji ya kina kifupi, atumie mshipi imara, aondoe kijino cha ndoano, ampime akiwa majini.

Marekani wamelijua hilo kwa gharama. Katika Ziwa Mille Lacs, jimbo la Minnesota, samaki aitwaye walleye hugawanywa kwa kiwango cha mwaka kati ya wavuvi wa burudani na jamii za Waojibwe, ambao haki yao ya kuvua kwa mkataba wa 1837 ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999. Samaki walipopungua, msimu wa 2015 ulifungwa kabla ya wakati, na mwaka 2016 ukafunguliwa kwa sharti kwamba kila walleye arudishwe. Bado haikutosha. Wataalamu walihesabu pia wale wanaokufa baada ya kuachiliwa, ambao huongezeka maji yanapopata joto, na Julai 2017 uvuvi huo wa kurudisha nao ukasimamishwa kwa majuma kadhaa. Wenye hoteli walilalamika sana. Lakini hesabu ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayokosekana katika mjadala wetu: kikomo cha urefu bila kikomo cha idadi huacha mlango wazi. Mtu anayenasa sangara 20 kwa siku na kuwarudisha wote hajatoka mikono mitupu. Wapo atakaokuwa amewaua. Kwake ingefaa samaki mmoja wa kula, wa kati ya sentimita 50 na 85, na idadi ya wa kuachiliwa ambayo akiifikia anakunja mshipi.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa watu wanaolipenda ziwa. Mwaka 1992 Frans Witte na wenzake waliofanya utafiti Mwanza walikadiria kwamba aina 200 hivi za furu zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni, na sangara akiwa mshukiwa mkuu. Uvuvi wa sangara ulipokuwa mkali miaka ya 1990, baadhi ya furu wakaonekana tena. Kwa nini basi alindwe mvamizi? Kwenye Nile ya Murchison, ambako sangara ni mwenyeji, swali hilo halipo. Katika Ziwa Victoria lipo, na halijibiki kwa kusema viwanda vinamhitaji. Pengine jibu ni kukubali kwamba sehemu fulani za ziwa, zile ghuba zenye miamba walikosalia furu, sangara avuliwe bila mpaka wa juu, na kwingine majike wakubwa waachwe.

Wakati hayo yakijadiliwa, bondo lina soko lake. Hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo kilo yake inavyolipwa zaidi. Kwa hiyo jike ambaye rula inataka aachwe ndiye ambaye soko linamtafuta. Leseni za uvuvi wa burudani zinaweza kuandikwa upya kesho na mawaziri wa nchi tatu kwa karatasi moja, kwa sababu wanaoguswa ni wachache na wana uwezo. Biashara ya mabondo itahitaji zaidi ya karatasi: upimaji pale mwaloni kabla sangara hajapasuliwa, maana bondo likishatolewa na kukaushwa, hakuna rula inayoweza kusema lilitoka kwa samaki wa urefu gani.