Pikipiki ya kwanza: Ipime kwa miguu, si kwa macho

Huku nauli ya matatu ikipanda kila mvua inaponyesha na msongamano wa magari ukizidi katika Barabara ya Jogoo na ile ya Mombasa, si ajabu kwamba wafanyakazi wengi wa mjini wameanza kufikiria kununua pikipiki. Hawana nia ya kuwa wahudumu wa bodaboda. Wanachotaka ni kufika kazini kwa wakati na kurudi nyumbani kabla watoto hawajalala. Wengi wao huniuliza wakiwa wamekuja kutibiwa maradhi mengine kabisa: "Daktari, ninunue ipi?" Yamkini swali hilo lingemfaa fundi zaidi, lakini kwa kuwa mimi ndiye ninayeshona vidonda na kuagiza picha za eksirei, nina maoni yangu.

Anayeanza aghalabu huchagua pikipiki kwa macho. Hutazama rangi, ukubwa wa tangi na jinsi inavyonguruma. Ilhali mambo yatakayoamua kama ataumia katika miezi ya kwanza ni mengine: kimo cha kiti, uzito, na nguvu ya injini ikilinganishwa na mwili wake.

Tuanze na kiti. Nenda dukani ukiwa umevaa viatu utakavyotumia barabarani. Keti, ondoa stendi, kisha isimamishe pikipiki wima. Miguu yote miwili ikanyage chini kwa wakati mmoja, angalau kwa sehemu yote ya mbele ya wayo, bila wewe kuegemea upande. Ikiwa unagusa kwa ncha za vidole tu, kiti hicho kiko juu mno kwako, haidhuru muuzaji akuambie kwamba utazoea. Pikipiki zilizoundwa kupita matopeni na milimani, ambazo vijana huzipenda sana kwa umbo lake, mara nyingi kiti chake huwa sentimita 82 hadi 90 kutoka ardhini. Kwa mtu wa futi tano na inchi tatu, hiyo ni shida.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu anayejifunza haanguki akiwa mbioni pekee. Huanguka akisimama, akigeuka au akiondoka. Nilimtibu wakati mmoja mwanamke, karani wa ofisi, ambaye hakugongwa na gari lolote. Alikuwa amesimama katika kituo cha petroli penye mteremko mdogo. Mguu wake wa kushoto ukakosa ardhi, pikipiki ikamlalia kifundoni. Mifupa miwili ilivunjika, naye akakaa nyumbani wiki kumi.

Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 zinazouzwa hapa nchini zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Kabla hujalipa, omba uisukume injini ikiwa imezimwa, uizungushe uani kwa umbo la nambari nane, kisha uipandishe mwenyewe kwenye stendi ya kati. Ukishindwa na kazi hiyo mchana mkavu, sijui utafanyaje usiku penye matope ya Utawala.

Kuna mchezo wa pikipiki uitwao trials ambao unafundisha mengi kuhusu jambo hili. Huko Uskoti, karibu na mji wa Fort William, kuna mashindano yake ya siku sita ambayo asili yake ni mwaka wa 1909. Washindani hawakimbizani. Hupita juu ya mawe, mizizi na vijito kwa mwendo wa mtu anayetembea, na anayeweka mguu chini huongezewa pointi za adhabu. Pikipiki zao za siku hizi huwa na uzito wa kilo 65 hadi 75 tu, na hazina kiti cha maana kwa sababu wao huendesha wamesimama. Hata katika mchezo huo, anayeanza hushauriwa achukue injini pole, isiyoruka ghafla anapoongeza mafuta, aache zile za mabingwa. Ujuzi wa pikipiki huanzia kwenye mwendo wa polepole, na mashine nyepesi na pole ndiyo humpa mtu nafasi ya kuujifunza. Jumapili mbili tatu katika uwanja wa shule, ukizunguka mawe uliyoyapanga mwenyewe, zitakufaa kuliko safari kumi za Thika Road.

Kuhusu injini, sisi 100 au 125 zinatosha kwa mtu anayeanza. Ukiishi penye miinuko kama kule Ngong, au ukinuia kubeba mtu baadaye, 150 haitakuwa kosa. Zaidi ya hapo ni fahari tu. Mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nguvu ambayo mwili utapaswa kuihimili katika mgongano haiongezeki maradufu. Huongezeka mara nne. Tena katika mwendo huo wa 60 unapita karibu mita 17 kila sekunde. Tangu unapoona matatu imekata mbele yako hadi kidole kibane breki, huenda ikapita sekunde moja na nusu. Hapo umekwisha kusafiri mita 25, karibu urefu wa matatu tano za abiria 14 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na bado hujaanza kupunguza mwendo.

Ndiyo maana nashauri ulipe zaidi ili upate breki nzuri ya mbele, ya diski ikiwezekana. Wengi wetu tumefundishwa kuiogopa kwamba itatutupa juu ya usukani. Ukweli ni kwamba unapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na breki hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Jifunze kuibana taratibu, pamoja na ile ya nyuma, huku usukani ukiwa umenyooka.

Pesa ulizookoa kwa kununua injini ndogo zitumie kwa helmeti. Mwaka wa 2008 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi, yakaonyesha kwamba kwa waendeshaji wanaopata ajali, helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sifahamu dawa nyingi ninazoandikia wagonjwa ambazo zinaweza kujisifu hivyo. Chagua inayofunika uso mzima, kwani taya nalo huvunjika, na utafute alama ya shirika la viwango. Ivae, funga kamba, kisha tikisa kichwa: ngozi ya mashavu isogee pamoja nayo. Mwenzako akijaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni, isitoke. Usinunue iliyotumika, hata kama inang'aa. Utando laini ulio ndani hukinga ubongo kwa kubonyea, na hubonyea mara moja tu. Ajali ya mwenyewe wa kwanza huwezi kuiona kwa nje. Na helmeti iliyoning'inizwa kwenye kiwiko hukinga kiwiko.

Viatu vifunike vifundo vya miguu. Suruali iwe nzito, hasa upande wa paipu ya moshi, ambayo huunguza shavu la mguu wa wengi. Ukiungua, weka mguu chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mayai viache jikoni na bafuni. Jaketi nalo ni muhimu, lakini si kwa sababu ya nimonia kama wasemavyo watu wengi. Nimonia huletwa na viini, wala si upepo wa kifuani. Jaketi na glavu huzuia vidole visife ganzi asubuhi ya Julai, wakati ambapo unavihitaji kwenye breki, na huokoa ngozi ukiburutwa lamini.

Leseni ya pikipiki ya matumizi ya kibinafsi ni ya daraja la A2. Ile ya gari haitoshi.

Mwisho, pima macho yako, hasa ikiwa taa za magari hukusumbua usiku. Ukiwa na kifafa, au ikiwa unatumia insulini na sukari hukushuka ghafla, zungumza na daktari wako kabla ya kulipa arbuni. Dawa za mafua na mzio kama vile Piriton husababisha usingizi, na kwa baadhi ya watu usingizi huo hudumu hadi asubuhi ya pili. Siku hiyo panda matatu.