Chura Mwenye Kofia na Stesheni Iliyokufa

Msomaji wangu, kuna fulana moja ya mtumba niliinunua pale Karume enzi za ujana wangu, ikaniponza mtaa mzima. Kifuani alikuwa chura kavaa kofia ndefu nyeusi, kashika fimbo, na pembeni herufi mbili: WB. Kijiweni washikaji wakanibatiza Bwana Chura. Mimi nilidhani ni katuni tu. Kumbe nimevaa nembo ya stesheni nzima ya televisheni!

Stesheni yenyewe iliitwa The WB, ya huko Marekani. Ilianza Jumatano, Januari 11, 1995, na mwanzoni ilirusha vipindi usiku mmoja tu kwa wiki. Herufi zake zilitoka kwenye ngao ya studio ya Warner Bros., na msemaji wake akawa huyo chura, Michigan J. Frog.

Hapo sasa ndipo penye utamu. Chura huyu hakuzaliwa na stesheni. Alitokea kwenye katuni ya Chuck Jones ya mwaka 1955, One Froggy Evening. Jamaa mmoja anamkuta ndani ya sanduku kwenye jengo linalobomolewa. Chura anaimba na kucheza, si mchezo! Jamaa anaona ameshatajirika, anakodi ukumbi, anaita watu. Wakifika, chura kimya. Anakoroma tu kama vyura wenzake wa bondeni. Jamaa anafilisika. Sasa niambie, nani mwenye akili zake anachagua nembo ya chura anayegoma mbele ya watu?

Lakini bwana, alikubalika. Siku tano tu baadaye, Januari 16, 1995, mpinzani wao UPN naye akaingia mjini. Nembo yake ilikuwa U ndani ya duara, P ndani ya pembetatu, N ndani ya mraba. Nadhifu, sikatai, ila ukiitazama unakumbuka mwalimu wa hesabu. Mwaka 2002 wakayatupa maumbo hayo, wakaja na nembo nyingine.

Kuna jambo moja linaniuma. Chura alipoanza kazi, waliomchangamshia baraza ni wachekeshaji weusi: The Wayans Bros., kisha The Jamie Foxx Show na The Steve Harvey Show, vyote viwili vya mwaka 1996. Ikaja Buffy 1997, ikaja Dawson's Creek 1998, stesheni ikapata sura mpya ya vijana wa kizungu wenye mapenzi na machozi. Vichekesho vile vikapungua kimoja kimoja. Kina Moesha, The Parkers na Girlfriends wakawa UPN. Wajenzi wa nyumba wakawa wapangaji kwa jirani.

Halafu zamu ya chura ikafika. Julai 2005 wakubwa wa WB walitangaza kuwa chura basi tena, eti anaifanya stesheni ionekane ya watoto. Wakataka kuonekana watu wazima. Haya, ilisaidia nini? Januari 2006 ikatangazwa kwamba WB na UPN zote zinafungwa. UPN ikazima Septemba 15, WB ikafuata Septemba 17, na kesho yake ikazaliwa The CW: C ya CBS, W ya Warner. Nembo yake ikapakwa kijani. Chura kaondoka, rangi yake ikabaki!

Lakini usiku ule wa mwisho WB walirudia vipindi vyao vya kwanza vya Felicity, Angel, Buffy na Dawson's Creek, na mwisho kabisa wakamleta nani kuaga? Yule yule waliyemfukuza. Alivua kofia, akainama, basi.

Nawe unayebadilisha jina la saluni au duka lako kila Krismasi kwa sababu washikaji wamecheka, fikiri mara mbili. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi zilinizuia. Niliacha kuivaa fulana ile nionekane mkubwa, mama akaigeuza tambara la kudekia. Ukubwa wenyewe haukuja siku ile, na fulana sikuipata tena.

Haya, tuonane wiki ijayo.