Hospitali ya Ndege Mbuai

Mama mwenye kuku huko Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, hahitaji kuelezwa mwewe ni nini. Kivuli kikipita uwanjani, kuku hulia kwa sauti ya pekee, vifaranga hukimbilia chini ya mbawa zake, na mtoto aliye karibu huokota jiwe. Hasara ya kifaranga ni hasara ya kweli, wala si haki kwa asiyefuga kuicheka. Basi mwewe ni mwizi. Bundi huhesabiwa kuwa mjumbe wa kifo. Na tumbusi, kwa shingo yake iliyonyonyoka, hutajwa kama mfano wa ulafi na uchafu. Kwa watu waliokulia katika fikira hizo, habari kwamba ipo hospitali inayowatibu ndege wa jamii hiyo husikika kama mzaha.

Hata hivyo hospitali za namna hiyo zipo, tena si mbali mno. Aifuataye barabara itokayo Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha, akavuka mpaka Namanga na kupita Nairobi, atafika Naivasha, katika Bonde la Ufa la Kenya. Karibu na ziwa la huko kipo kituo cha kuwatibu ndege mbuai, na kingine kipo Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Vyote viwili vinaendeshwa na shirika liitwalo Kenya Bird of Prey Trust. Ndege mbuai ni wale waishio kwa nyama na wenye mdomo uliopindika kama ndoana: tai, kozi, kipanga, mwewe, pungu, furukombe, tumbusi na bundi.

Mgeni anayekwenda kituo cha aina hii akidhani anakwenda kutazama wanyama kizimbani hupata mshangao mdogo. Majeruhi wengi haonyeshwi. Ndege wa mwituni humwona binadamu kama adui, na hofu peke yake humdhoofisha: huacha kula, hujigonga ukutani, huvunja manyoya ya mbawa ambayo hayataota tena mpaka msimu wa kubadilika ufike. Kwa hiyo wagonjwa hutengwa mahali penye giza na utulivu. Wanaoonyeshwa kwa wageni ni wale ambao hawataweza tena kuishi porini, na kila mmoja wao ana historia inayoeleza jambo fulani kuhusu nchi alikotoka. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya ziara. Daktari wa ndege hutibu bawa moja. Lakini akiandika kila siku ni nani aliyeletwa, kutoka wapi, na kwa jeraha gani, baada ya miaka michache anayo ramani ya hatari zilizotapakaa nchini.

Mathalani, tai mwenye bawa lililoungua. Ndege mdogo akitua juu ya waya mmoja wa umeme hapati dhara lolote, kwa kuwa umeme hauna njia ya kupita mwilini mwake. Tai ni mkubwa. Anapotanua mbawa ili aruke, huweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma kilichoungana na ardhi, na papo hapo mwili wake huwa njia ya umeme. Katika nchi kavu yenye miti mifupi, kama uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, nguzo ya umeme ndiyo mahali parefu pa kuketi na kuchungulia windo, kwa hiyo hatari huwangoja ndege pale pale wanapopapenda. Dawa yake ni ya kihandisi: kuziachanisha nyaya zaidi, kuzifunika kwa mpira karibu na nguzo, au kuweka kitulio kilicho juu ya nyaya. Wala si ndege peke yao wanaopata hasara. Siku chache baada ya treni za umeme kuanza safari baina ya Dar es Salaam na Dodoma mnamo Julai 2024, Shirika la Reli Tanzania lilieleza kwamba hitilafu ya umeme iliyochelewesha safari ilisababishwa na bundi na ngedere waliogusa nyaya. Wengi walilichukua jambo hilo kama kichekesho, na wengine walianza kunong'ona habari za uchawi. Lakini mtu aliyewahi kuingia katika hospitali ya ndege mbuai angelielewa mara moja.

Jirani ya tai huyo aghalabu huwapo bundi au kipanga asiye na jeraha lolote. Huyo alichukuliwa kiotani akiwa kinda na kulishwa na watu. Makinda ya ndege wengi hujifunza katika siku za mwanzo kwamba yule anayewalisha ndiye wa aina yao. Kinda aliyelelewa na binadamu hukua akijidhania binadamu: hataki mwenzi wa jamii yake, hajui kuwinda, na hatui mbali na watu, hata akapigwa jiwe. Ndiyo maana wataalamu wanaolea makinda ili kuwarudisha porini huwalisha kwa kifaa chenye sura ya kichwa cha ndege, nao wenyewe hujificha.

Majeraha hayo yote, hata hivyo, ni madogo yakilinganishwa na sumu.

Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba au fisi hujaribiwa kulipiza kisasi kwa kupaka dawa ya kuulia wadudu kwenye mabaki ya mzoga. Mojawapo ya dawa zilizotumika hivyo katika Afrika ya Mashariki ni karbofurani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba. Mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwa kemikali maalumu, na kila habari ikishafika, kimeng'enya huivunja kemikali hiyo ili mshipa upumzike. Karbofurani hukizuia kimeng'enya. Habari haiishi, misuli hukakamaa, mate hutiririka, pumzi hukatika. Ndege akiletwa mapema anaweza kuokolewa kwa dawa ya atropini na kwa kuoshwa gole lake, lakini ni wachache wanaowahi kufika.

Kwa nini mzoga mmoja uue tumbusi wengi kiasi hicho? Sababu imo katika maumbile yao. Tumbusi wa Afrika hategemei pua bali macho. Ardhi ya uwanda inapopata joto la jua, hewa yenye joto hupanda, na tumbusi hupanda nayo bila kupiga mbawa. Mnamo Novemba 1973 tumbusi mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan katika kimo cha zaidi ya mita 11,000. Kila mmoja aliye juu huangalia chini, lakini pia huwaangalia wenzake. Mmoja akishuka, jirani yake hugeuka kumfuata, na jirani wa jirani vile vile, hata ndege wa eneo kubwa sana wakakusanyika penye mzoga mmoja kwa muda mfupi. Ujuzi huo uliowafaa kwa maelfu ya miaka ndio unaowaangamiza. Mwezi wa Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, kusini ya Dodoma, walikutwa simba 6 na tumbusi 74 waliokufa kwa sumu. Nchini Botswana, Juni 2019, walihesabiwa tumbusi 537 waliokufa kando ya mizoga mitatu ya tembo. Huko wahalifu hawakuwa wafugaji bali majangili, ambao huchukia tumbusi kwa sababu wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipouawa.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba jamii nane za tumbusi wa Afrika zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika muda wa miongo mitatu hivi. Katika vifo vilivyokuwa na kumbukumbu, asilimia 61 vilitokana na sumu, asilimia 29 na biashara ya viungo vya tumbusi kwa waganga, na asilimia 9 na nyaya za umeme. Tumbusi mgongo-mweupe, ambaye zamani alikuwa wa kawaida kabisa, tangu mwaka 2015 amewekwa katika daraja la viumbe walio karibu mno na kutoweka. Jike lake hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo hasara ya mchana mmoja haifidiwi upesi.

Atakayesema kwamba tumbusi wakiisha hakuna kitakachopungua na aangalie India. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa kwa mamilioni bila sababu kujulikana. Mwaka 2004 wanasayansi walichapisha jibu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ilikuwa ikiharibu figo za tumbusi waliokula mizoga yao. Wakati huo tumbusi wa jamii tatu walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga iliachiwa mbwa, mbwa wakaongezeka, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria vifo zaidi ya 47,000 vya watu kwa kichaa cha mbwa, baina ya 1992 na 2006, ambavyo visingetokea kama tumbusi wangalikuwapo. India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mwaka uliofuata ilikutwa ikiuzwa katika duka la dawa za mifugo hapa Tanzania. Katika mkoa wa ng'ombe na mbuzi kama Dodoma, hilo si jambo la kupuuzwa. Ipo dawa nyingine, meloksikamu, inayotuliza maumivu ya ng'ombe na isiyomdhuru tumbusi.

Majeruhi aliyepona haachiliwi siku ile ile. Misuli iliyolala kwa wiki nyingi ni dhaifu, na tai asiyeweza kuwinda atakufa njaa akiwa huru. Hapo hutumika ufundi wa kale wa kufuga vipanga vya kuwindia, unaojulikana sana Uarabuni. Ndege hufungwa kamba ndefu nyepesi mguuni, huitwa kwa kipande cha nyama kutoka mbali zaidi kila siku, naye hupimwa uzito kila asubuhi. Uzito ukizidi havutiwi na nyama. Ukipungua mno hana nguvu.

Upande wa elimu hauhitaji safari mpaka Naivasha. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika tonge kavu la manyoya na mifupa ambayo tumbo limeshindwa kuyeyusha. Chini ya mbuyu wenye shimo, au katika jengo lililohamwa, matonge hayo hupatikana kwa wingi. Wanafunzi wakiyaloweka katika maji ya moto na kuyafumua kwa vijiti, huhesabu mafuvu ya panya mmoja mmoja, na hesabu hiyo hufuta hofu ya bundi kuliko hotuba ndefu. Mwewe naye hapigwi kwa sumu: banda la vifaranga lililofunikwa kwa wavu au fito latosha mpaka wakue.

Anayekuta ndege mbuai aliyejeruhiwa amfunike kitambaa kichwani kwanza, maana giza humtuliza, kisha aishike miguu yake kwa uangalifu. Mdomo hutisha, lakini kucha ndizo zinazojeruhi. Amweke katika boksi lenye matundu, asimnyweshe maji kwa nguvu, na ampeleke kwa ofisa wanyamapori upesi, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali. Juu ya boksi aandike tarehe, na mahali hasa alipomwokota: chini ya nguzo ipi, kando ya mzoga upi.