Depo ni ya nani? Fundisho toka nyumba za jamii za Australia



Msimu uliopita tulifika kwa koperativi moja ya kahawa juu ya kazi yetu ya kawaida: kupima unyevu wa kahawa. Tukakuta depo imefungwa na kufuli mpya. Prezida alikuwa amefariki, na karatasi ya parsela ilikuwa kwa jina lake mwenyewe. Watoto wake walisema: "Hii ni mali ya baba." Wanachama walisema: "Mawe ya hii nyumba tulibeba sisi." Wakati wanabishana, kahawa ililala inje, ikashika ukungu. Sisi maagronomu hatuna dawa ya ugonjwa kama huo. Dawa yake ni sheria, na inapaswa kuandikwa mbele ya matata.

Tuangalie kidogo namna wengine wanavyofanya. Kule Australia kuna mashirika ya jamii, yasiyotafuta faida, yanayopangisha nyumba kwa watu wenye mapato madogo. Mengine ni koperativi za wapangaji wenyewe. Kuanzia 2009 serikali kuu ilitoa pesa za kujenga maelfu ya nyumba mpya, na nyingi zikawekwa mikononi mwa mashirika hayo. Swali likazuka: nani atachunga mali hiyo? Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake, na shirika linalofanya kazi katika majimbo mawili lilijibu kwa wakubwa wawili.

Basi majimbo yakapatana juu ya sheria moja. New South Wales ilipitisha yake mwaka 2012, mengine yakaifuata, na utaratibu ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2014. Si wote waliingia: wakati ule Victoria na Western Australia zilibakia na utaratibu wao wenyewe.

Shirika linaandikwa kwa rejistre, kisha msimamizi wa serikali analiangalia kwa mambo saba: namna linavyohudumia wapangaji, hali ya nyumba, uhusiano na jamii, uongozi, uaminifu, usimamizi wa kazi, na nguvu ya pesa. Mashirika yamegawanywa madaraja matatu: kubwa linaulizwa mengi, dogo linaulizwa machache. Likikosea, linapewa onyo kwanza. Likizidi, msimamizi anaweza kuweka mtu wa kuliongoza kwa muda, ao kulifuta.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili: katiba ya kila shirika lazima iseme kwamba siku likivunjika, nyumba za jamii zitapita kwa shirika lingine lililoandikwa ao kwa ofisi ya nyumba ya serikali. Kiongozi hawezi kuzirithisha watoto wake.

Mutasema: Australia ni tajiri, sisi tuko na nini? Lakini sheria hata sisi tuko nayo. Sheria ya OHADA juu ya koperativi ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na Congo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Inasema koperativi inakuwa mtu mbele ya sheria kuanzia siku inapoandikwa kwa rejistre ya koperativi. Maana yake ni nzito: koperativi isiyoandikwa haiwezi kuwa na parsela kwa jina lake. Njo maana karatasi zinaandikwa kwa jina la prezida, hata kama ni mtu mwema kabisa.

Kwa hiyo, kwa mkutano mkuu unaokuja, muulize maswali matatu:

1. Koperativi yetu imeandikwa kwa rejistre, na namba yake iko wapi?
2. Karatasi ya depo, ya mashini na ya parsela iko kwa jina la nani?
3. Katiba yetu inasema mali itaenda wapi kama koperativi inavunjika?

Kama karatasi iko kwa jina la mzee, musimushitaki. Mumwendee kwa heshima angali hai, pamoja na bibi yake na watoto wake wakubwa, mbele ya chifu. Mutie sahihi kwamba mali ni ya koperativi. Kisha, koperativi ikiisha kuandikwa, mufuate ofisi ya ardhi ili jina libadilishwe.

Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nyingi na kumaliza pesa ya usafiri. Lakini ile koperativi ya kufuli, mpaka tunaandika, ingali inauza kahawa yake mbichi, kwa bei ya mnunuzi.