Fangasi za kucha: maradhi yanayodharauliwa

Ukucha uliobadilika rangi na kuwa mnene huchukuliwa na wengi kuwa ni kasoro ya sura tu. Kwa mtu mwenye kisukari, hata hivyo, ukucha huo unaweza kuwa chanzo cha jeraha la mguu lisilopona. Mjini Muscat, ambako joto, unyevu na kisukari vimekutana mahali pamoja, suala hili lina uzito wa pekee.

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, joto la mchana katika mji mkuu huo wa Oman hukaribia na mara nyingi kupindukia nyuzi 40 za Selsiasi, huku bahari ikiuongezea mji unyevunyevu mzito. Askari, madereva, mafundi wa ujenzi na makarani wa maofisini hushinda ndani ya viatu vya kufunika na soksi zilizolowa jasho. Hali kama hiyo ya joto, giza na unyevu ndiyo inayopendwa na fangasi, yaani vimelea wa jamii ya kuvu. Kwa kawaida huanzia kwenye ngozi ya kati ya vidole vya miguu, ambako huleta mwasho, magamba na mipasuko, kisha hupenya chini ya ukucha.

Miongoni mwa wakazi wa Muscat wamo Waomani wengi wanaozungumza Kiswahili, ambao wao wenyewe au wazee wao walitoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Wengi walihamia huko baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970. Waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee, na umri mkubwa ni moja ya sababu kuu za fangasi za kucha. Kadiri mtu anavyozeeka, kucha hukua polepole zaidi na damu hupungua kasi ya kufika kwenye vidole vya miguu, hivyo mwili hushindwa kuwafukuza vimelea hao.

Sababu nyingine ni kisukari. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Oman mwaka 1991 ulionyesha kwamba asilimia 8.3 ya watu wazima walikuwa na ugonjwa huo. Mwaka 2000 kiwango hicho kilikuwa kimefikia asilimia 11.6. Kisukari hudhoofisha kinga ya mwili, hupunguza mzunguko wa damu na, baada ya miaka, huua hisia za miguu. Ukucha mnene unapobanwa ndani ya kiatu hukandamiza nyama iliyo chini yake, na ncha zake kali huweza kuchana ngozi ya kidole cha jirani. Mtu mwenye afya angesikia maumivu na kuvua kiatu. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia huendelea kutembea. Kupitia mchubuko huo huingia bakteria, na hapo ndipo kidole, na wakati mwingine mguu mzima, huwa hatarini.

Si kila ukucha mbovu una fangasi

Dalili za ugonjwa huu zinajulikana. Ukucha hugeuka rangi na kuwa wa manjano, mweupe au wa kahawia. Huwa mnene, hukatika kama chaki, hujaa unga chini yake na mara nyingine huachana na nyama. Kimelea kinachosababisha maradhi haya zaidi duniani ni kile kinachoitwa kitaalamu Trichophyton rubrum, ambacho hula protini inayounda ukucha. Kwa upande wa kucha za mikono, wanaoathirika zaidi ni wale ambao mikono yao haikauki, kama vile wapishi, wauza samaki na wafua nguo. Kwao hao mara nyingi kinachopatikana ni hamira ya jamii ya Candida.

Hata hivyo, wataalamu wa maradhi ya ngozi wanakadiria kwamba takribani nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye fangasi. Nyingine zimeharibiwa na ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, na viatu vinavyobana, na kujikwaa mara kwa mara au na uzee wenyewe. Anayemeza dawa za fangasi kwa miezi mitatu bila ya kupimwa huenda akawa anaitaabisha ini lake bure.

Lipo pia kosa lenye gharama kubwa zaidi. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya ngozi aina ya melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu, tatizo ambalo mwanzoni lilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki dunia mwezi Mei mwaka 1981. Ni kweli kwamba watu wenye ngozi nyeusi huwa na mistari ya rangi ya giza kwenye kucha kadhaa bila ya ugonjwa wowote. Lakini mstari mmoja mpya unaozidi kupanuka, au weusi unaoenea hadi kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, unahitaji kuonyeshwa kwa daktari bila ya kuchelewa.

Upimaji wenyewe ni rahisi na hauna maumivu. Mhudumu hukata kipande cha ukucha na kukwangua unga ulio chini yake. Sampuli hiyo hulainishwa kwa dawa ya potasiamu na kutazamwa kwa hadubini, kisha nyingine huoteshwa maabara ili kimelea kitambulike. Kuotesha huchukua wiki tatu hadi nne. Mgonjwa aliyekwisha kupaka dawa yoyote anapaswa kusema, kwani dawa hiyo inaweza kuficha fangasi na kuleta majibu yasiyo sahihi. Mjini Muscat mgonjwa huanzia kwenye kituo cha afya cha eneo lake, na ikilazimu hupelekwa kwa wataalamu wa ngozi katika hospitali kubwa.

Dawa na masharti yake

Kwa miaka mingi dawa iliyotegemewa ilikuwa griseofulvin, ambayo iligunduliwa mjini London mwaka 1939 na ikaanza kutumiwa na wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kucha za miguu dawa hiyo ilihitaji kumezwa kwa mwaka mzima au zaidi, na wengi hawakupona. Leo chaguo la kwanza la madaktari wengi ni terbinafine. Mtu mzima humeza miligramu 250 mara moja kwa siku, kwa wiki 6 ikiwa ni kucha za mikono na kwa wiki 12 ikiwa ni za miguu. Kwa kuwa humezwa mara moja tu, anayefunga Ramadhani anaweza kuitumia wakati wa kufuturu au wa kula daku.

Dawa hiyo si ya kununua dukani na kujimezea. Damu hupimwa kwanza ili kujua hali ya ini, na mwenye maradhi ya ini hapewi. Terbinafine hugongana na baadhi ya dawa za moyo na za sonona. Dawa nyingine, itraconazole, haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, na ni hatari kwa anayetumia baadhi ya dawa za kupunguza mafuta mwilini, kama vile simvastatin. Wagonjwa wengi wa kisukari hutumia dawa za aina hiyo, kwa hivyo ni lazima wampe daktari orodha kamili ya wanavyomeza. Wajawazito kwa kawaida hushauriwa kusubiri hadi baada ya kujifungua. Ama vidonge vya ketoconazole, mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilichukua hatua dhidi yake kwa sababu ya madhara kwenye ini, na havifai kabisa kwa fangasi za kucha.

Zipo pia dawa za kupaka, kama vile amorolfine na ciclopirox. Hizo zinawafaa wale ambao ukucha wao umeathirika kwa sehemu ndogo tu, au ambao hawawezi kumeza vidonge. Ukucha hukwanguliwa kwanza ili dawa ipenye. Udhaifu wake ni kwamba peke yake huponya wachache. Katika majaribio yaliyofanywa Marekani, dawa ya kupaka ya ciclopirox iliponya kabisa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kila 10, ilhali vidonge vya terbinafine viliponya kabisa asilimia 38. Ni wazi basi kwamba hata dawa iliyo bora haitoi hakikisho.

Majumbani hutumika siki, kitunguu thomu na mafuta ya habasoda. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vitu hivyo huponya ukucha uliokwisha kuathirika, na siki kali au kitunguu kilichopondwa kinaweza kuunguza ngozi ya mtu asiyesikia maumivu miguuni. Vilevile wataalamu wanatahadharisha juu ya krimu zinazochanganya dawa ya fangasi na steroidi. Krimu hizo huondoa mwasho kwa siku chache huku fangasi ikiendelea kuenea. Tangu mwaka 2020 inatambuliwa kwa jina aina mpya ya fangasi ya ngozi, Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii terbinafine. Ilianza kuenea Bara Hindi na sasa imefika katika nchi nyingi, na matumizi holela ya krimu za aina hiyo yanatajwa kuwa miongoni mwa sababu zake.

Maji ya udhu

Wapo wanaoulaumu udhu kwa fangasi za miguu. Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, ambao ni wengi nchini Oman, hawakubali kupangusa maji juu ya soksi za ngozi badala ya kuosha miguu, kwa hivyo miguu yao huoshwa mara kadhaa kila siku. Lakini kinachodhuru ni unyevu unaobaki kati ya vidole pale mtu anapovaa soksi na kiatu kabla hajakauka. Taulo ndogo ya mtu binafsi, au hata karatasi laini, inatosha kuondoa hatari hiyo.

Kwa hakika udhu unaweza kuwa kinga. Anayetawadha huinama na kupitisha vidole vya mkono kati ya vidole vya miguu. Huo ndio wakati mzuri wa kutazama kama kuna mpasuko, wekundu, lengelenge au ukucha uliobadilika. Mgonjwa wa kisukari hushauriwa kuichunguza miguu yake kila siku, na hapa nafasi hiyo anayo zaidi ya mara moja. Mzee ambaye macho yake yamedhoofu anaweza kumwomba mwanawe au mjukuu amtazamie.

Baadhi ya wagonjwa huwa na wasiwasi kwamba dawa ya kupaka inayoacha tabaka juu ya ukucha huzuia maji ya udhu. Suala hilo ni la kuwauliza wanavyuoni, lakini daktari naye aelezwe, kwani zipo dawa za majimaji zinazopenya bila ya kuacha tabaka. Kunyamaza na kuacha dawa katikati ndiko kunakoharibu tiba.

Namna ya kujikinga

Kinga huanza kwa kutibu mapema fangasi za kati ya vidole, kabla hazijaingia kwenye kucha, na kuwatibu kwa pamoja wote walioambukizwa nyumbani. Soksi zibadilishwe kila siku na zifuliwe kwa maji ya moto. Ni vyema kuwa na jozi mbili za viatu na kuvaa kwa zamu, ili vilivyovaliwa jana vipate siku nzima ya kukauka. Katika mabafu ya pamoja, kwenye mabwawa ya kuogelea na mabweni ya wafanyakazi, mtu avae ndara zake mwenyewe. Kikatia kucha nacho kisiazimwe. Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, na mwenye kisukari ambaye kucha zake zimekuwa nene akatiwe na mhudumu wa afya.

Wanawake wanaopambwa kwa harusi au sikukuu wana jambo la kuzingatia. Hina, piko na rangi ya kucha huficha mabadiliko kwa wiki kadhaa, kwa hivyo ni busara kuzitazama kucha kabla ya kuzipamba, na kuhakikisha kwamba vifaa vya saluni vimesafishwa kwa dawa baada ya kila mteja.

Linalowavunja moyo wagonjwa wengi ni muda. Ukucha wa mguu hukua kiasi cha milimita moja hadi moja na nusu kwa mwezi, na sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa nzima. Huondoka tu kadiri ukucha mpya unavyoisukuma mbele. Kwa kidole gumba cha mguu kazi hiyo huchukua miezi 12 hadi 18, yaani muda mrefu baada ya vidonge kwisha. Baadhi ya madaktari huchora alama ndogo kwa tupa pale ukucha mzima unapokutana na ulioharibika. Alama hiyo ikisogea mbele na nyuma yake pakaota ukucha safi, dawa inafanya kazi. Uchafu ukiipita alama na kurudi nyuma kuelekea kwenye shina la ukucha, mgonjwa arejee hospitali.