Mnyororo wa Trela Hauvuti Kitu

Swali ni lile lile, na limenichosha: "Fundi, huu mnyororo niukaze mpaka wapi ili usaidie kuvuta?" Nimeulizwa Kayna, nimeulizwa Kirumba, nimeulizwa Butembo kwenye maegesho ya malori, na kila anayeuliza anaushika mnyororo mkononi kama mtu mwenye jibu lake tayari, anataka tu nimpigie muhuri. Siupigi. Mnyororo wa usalama hausaidii kuvuta, na haukazwi. Ukiona umeanza kuvuta trela lako, ujue ajali imekwisha kuanza.

Imani hii najua ilikotoka. Aliyepita barabara ya taifa namba 2 ya Congo wakati wa mvua, kati ya Kanyabayonga na Lubero, ameona mnyororo ukivuta kwa macho yake. Fuso limezama hadi shasi, linaletwa lori jingine, mnyororo unakazwa, watu wanasogea pembeni, injini inanguruma, Fuso linatoka. Kijiji kizima kimeshuhudia. Kesho yake mnyororo huo huo unahamishiwa kwenye trela la jenereta, na dereva anaufunga kwa sheria ya jana: kaza!

Kazi hizo mbili hazina undugu. Kwenye matope, kati ya gari na gari hakuna kingine isipokuwa mnyororo. Kwenye trela kiungo kipo: tufe la chuma nyuma ya gari na kikombe cha mkono wa trela kinacholifunika, au, kwa malori makubwa yanayoingia kwa mpaka wa Kasindi na trela nyuma, jicho la chuma na pini yake. Hicho ndicho kinachovuta, kinachozuia trela lisikupande mgongoni kwenye mteremko, kinachokubali kona. Mnyororo kazi yake ni kusubiri. Unaweza kusubiri miaka mitano bila kuguswa, na hiyo ndiyo miaka mizuri.

Si maoni yangu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Congo nayo imo, unalitaka trela lisilo na breki ya kujifunga yenyewe liwe na kiungo cha akiba, mnyororo au kebo, chenye kazi mbili tu kiungo kikuu kinapokatika: kuzuia mkono wa trela usiguse barabara, na kulifanya trela liendelee kufuata gari angalau kidogo. Soma tena kazi hizo mbili. Kuvuta hakumo.

Sasa tuone anayekaza anapata nini. Chukua tepu, shuka chini ya gari lako, upime mwenyewe. Tuseme tundu la kushikia mnyororo liko sentimita 15 kando ya tufe, na mnyororo umeshikwa kwenye mkono wa trela sentimita 30 nyuma ya tufe. Gari likiwa limenyooka, umbali kati ya tundu na mkono ni kama sentimita 33 na nusu. Umekaza kwa urefu huo, umeridhika, umeondoka. Kwenye kona ya digrii 45, upande wa nje wa kona unataka sentimita 42. Zinakosekana zaidi ya sentimita 8, na chuma hakinyooki kama mpira wa baiskeli. Kitu lazima kitoe. Ama pete ya mnyororo inafunguka, ama tundu linapinda, ama, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, mnyororo unageuka mtaimbo na kuanza kukinyanyua kikombe kutoka kwenye tufe. Umefunga kitu cha kukulinda trela lisichomoke, nacho ndicho kinachokuchomolea trela.

Na kona hatuna uhaba nazo. Mteremko wa Kabasha, unaoshuka kutoka Kanyabayonga kwenda uwanda wa Rwindi, ni kona juu ya kona. Mnyororo uliokazwa huko hukatika kimya kimya kwenye kona ya kwanza au ya pili, wala dereva hasikii kwa sababu injini inapiga kelele na tufe bado limeshika. Anafika salama. Anamsimulia mwenzake kwamba njia yake ya kukaza inafaa. Huyo mwenzake ndiye anayekuja kuniuliza swali lile.

Wapo wanaokubali kulegeza, halafu wakauona mnyororo umekuwa mrefu mno, ndipo tiba za mitaani zinapoanza. Wa kwanza anausokota, anauzungusha mpaka ufupike. Pete ya mnyororo imetengenezwa kubeba mzigo kwenye ncha zake mbili za duara, zikiwa zimelaliana sawa. Ukiisokota, mzigo unahamia ubavuni, pete inapindwa badala ya kuvutwa, na nguvu yake inashuka. Wa pili anapiga fundo. Ni kosa lile lile, baya zaidi. Wa tatu anapitisha bolti kwenye pete mbili na kukaza nati: sasa mzigo wote uko kwenye bolti ya dukani ambayo hakuna ajuaye ubora wake. Wa nne anakwenda kwa mchomeleaji. Mnyororo wa chuma kigumu umepewa nguvu zake kwa moto wa kiwandani uliopimwa. Moto wa kuchomelea unaziondoa pale pale unapogusa, na kwa macho pete inabaki kuonekana nene na nzuri. Mnyororo ukiwa mrefu, ndoano huingizwa pete za nyuma, au unakatwa. Basi.

Ulegee kiasi gani? Gari likunje mpaka mwisho, kushoto kisha kulia, mnyororo wa nje usikazike. Kisha gari linyooke, utazame chini: usiburute. Unaoburuta unaliwa na barabara. Nimeshika pete zilizobaki unene wa msumari upande wa chini huku upande wa juu bado zina rangi ya dukani. Juu ya lami hutoa cheche pia. California, Marekani, wazima moto huwaonya madereva kila kiangazi kuhusu minyororo ya trela inayoburuta, kwa sababu huwasha nyasi kando ya barabara. Nyasi za Rwindi mwezi wa saba hazina tofauti. (Mkia wa mnyororo unaouona nyuma ya lori la mafuta, wa kupeleka umeme ardhini, ni habari nyingine kabisa. Usiniletee kama ushahidi.)

Baada ya kukaza, kosa la pili ni mnyororo mmoja mnene. "Ni mnene, Fundi, unatosha." Unene haukuulizwa. Mnyororo mmoja ukibaki peke yake, trela linaning'inia upande mmoja na kuanza kuyumba kwenda upande wa pili wa barabara, kwa watu wa pikipiki. Inatakiwa miwili, nayo ipishane chini ya mkono wa trela: wa kushoto wa trela unashikwa kulia kwa gari, wa kulia kushoto. Kikombe kikichomoka, mkono unaangukia kwenye makutano ya minyororo kama mgonjwa kwenye machela, unabebwa juu ya barabara. Isipopishana, mkono unapita katikati, pua inachimba lami au udongo, na trela lenye tani moja likichimba kwa pua kwenye mteremko halisimami. Linapinduka juu ya pua yake.

Kila mnyororo ushikwe kwenye shasi, au kwenye chuma kilichofungwa kwenye shasi kwa bolti zake. Usiushike kwenye bampa. Wala usiuzungushe kwenye shingo ya tufe, ingawa ndiyo mahali panapoonekana rahisi: shingo ikivunjika, mnyororo unaondoka nayo, na umefunga akiba yako kwenye kile kile unachokiogopa.

Kuhusu nguvu, mnyororo wa kufungia geti si mnyororo wa trela hata ukiwa na unene ule ule. Tazama pete: mnyororo wa kazi una alama iliyogongwa kwenye chuma, kama 30, 43 au 70, au 3, 4 na 7. Mnyororo wa unene wa karibu milimita 10 wa daraja la 30 umepangiwa mzigo wa kazi wa kilo 1,200 hivi. Wa daraja la 70, unene ule ule, karibu kilo 3,000. Kukatika hukatika kwa takriban mara nne ya hapo. Usio na alama, sina la kukuambia, na muuzaji naye hana. Pima kwa uzito wa trela pamoja na mzigo wake, si trela tupu. Na tafadhali, ule uliotoa Fuso matopeni usiurudishe kwenye kazi hii. Umekwisha kunyooshwa. Zikunjue pete mbili utazame zinapogusana: pakiwa pamelainika, panang'aa, na milimita 10 zimebaki 9, huo ni chuma chakavu.

Ndoano ndiyo inayosahauliwa. Mtu ananunua mnyororo mzuri, halafu anaumalizia kwa kipande cha nondo kilichokunjwa mfano wa herufi S. Nondo hiyo itafunguka kabla mnyororo haujaanza kufanya kazi. Tumia ndoano yenye ulimi wa kufunga, au pingu ya chuma yenye pini ya kukazwa. Kama huna ila ndoano wazi, iingize kutoka chini kwenda juu, mashimo yasiirushe nje.

Lami nayo imebadilisha hesabu. Tangu kazi za barabara za Kasindi, Beni na Butembo zilizozinduliwa mwaka 2021 kwa makubaliano ya Congo na Uganda, dereva aliyezoea kutambaa anapata vipande vya kukimbia. Mwendo ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 60, nguvu linayobeba trela haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Ufungaji uliokusamehe kwenye matope hautakusamehe kwenye lami.

Sasa haraka haraka, kwa sababu najua gari linakungoja. Kwanza hakikisha tufe na kikombe ni vya saizi moja: trela la Ulaya linataka tufe la milimita 50, yapo na ya inchi 2, na yapo madogo ya inchi moja na sehemu saba za nane, chini ya milimita 48, ambayo kikombe cha 50 kitayameza na kuyatema kwenye shimo la kwanza. Tufe likiliwa milimita nzima, badilisha. Funga komeo la kikombe na uweke pini yake. Kisha nyanyua mkono wa trela kwa jeki, kama nyuma ya gari inapanda nao, kikombe kimeshika. Mzigo mzito uwe mbele kidogo ya ekseli, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikalie tufe. Ukirundika nyuma, trela litatikisa mkia. Kebo ya breki ya dharura, kama ipo, ishikwe kwenye gari, peke yake, si kwenye mnyororo. Kwa malori ya breki za upepo, mpira mwekundu ndio unaofunga breki za trela ukikatika. Aliyezifungua breki hizo kwa spana ili "gari liwe jepesi" hana akiba yoyote, hata afunge minyororo kumi. Taa. Matairi. Simama baada ya kilomita chache, shuka, gusa kila kitu kwa mkono. Simama tena kabla ya kushuka Kabasha.

Na likichomoka? Utasikia kishindo, kisha mvuto wa kushtua. Usikanyage breki kwa nguvu: trela halina kiungo kigumu tena, litakuja moja kwa moja kwenye mlango wako wa nyuma. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, punguza mwendo taratibu, toka pembeni, weka mawe kwenye magurudumu ya trela kabla hujaingia kati yake na gari. Halafu minyororo yote miwili, na ndoano zake, inatupwa, hata kama inaonekana mizima. Hapo utingo wako atakuambia bado ni mizuri, tuiweke ya matope. Sawa, ya matope, lakini ipakwe rangi nyingine.